Kuosha Namba

Kile kitabu cha mazoezi ya takwimu ningekitia moto kwa mikono yangu mwenyewe, ila najua dada angenitia na mimi humohumo. Kilikaa kwenye meza yangu ya kusukia wateja, katikati ya vitana na mafuta ya nywele, kimenenepa kwa kufunguliwafunguliwa. Mteja akiingia lazima kwanza nikisogeze, na nikikisogeza dada anafoka: "We mtoto, umenipotezea ukurasa!" Mimi mtoto! Nina watoto wawili shuleni.

Dada yangu huyu, ninayemfuata kuzaliwa, ni mpima mikate. Anasimama mwisho wa mashine katika kiwanda cha mikate, kofia ya wavu kichwani, koti jeupe mpaka magotini. Trei ikitoka anachukua mikate kumi, anaiweka kwenye mizani mmojammoja, anaandika. Karatasi ya mkate imeandikwa gramu mia nne, basi yeye ndiye wa kusema kama ni kweli. Wenzake wanamwita Mizani, na jina limemfuata mpaka mtaani.

Ameifanya kazi hiyo tangu binti yake wa kwanza ananyonya. Na katika muda wote huo ameletewa wakuu wa kitengo kutoka nje, watu wenye vyeti vizuri tu, akawafundisha mashine moja baada ya nyingine, kisha haohao wakakaa ofisini na kumwita kwa kengele. Halafu akija nyumbani ananiambia, "Si mbaya, ana adabu." Adabu! Mimi damu ilikuwa inanichemka kwa niaba yake.

Safari hii mkuu aliyekuwepo alikuwa anastaafu. Meneja wa kiwanda akamwita dada, akamwambia bila kuzunguka: "Lete diploma, kiti ni chako. Usipoleta naleta mtu wa nje." Masomo mengine yote ya diploma ile alikuwa ameshafaulu, kwenye kozi ya jioni, akitoka kazini miguu imevimba. Lilibaki moja tu, takwimu, na alikuwa amelifeli mara mbili. Chuo hakiruhusu mtu kuufanya mtihani zaidi ya mara tatu. Ukianguka mara ya tatu unarudi nyumbani na masomo yako yote yasiyo na cheti.

Basi ndivyo mazoezi yalivyohamia kwangu. Kwake kuna kelele, na shemeji yangu, mumewe, ni mtu wa utani usiojua pa kukoma. "Mama, kama namba hazikutaki, si uziache? Mbona mimi umeniacha mara ngapi!" Dada akabeba kitabu chake akaja kwangu, chumba cha mbele, pale ninaposukia.

Mwanzoni nilidhani hasomi kwa makini. Loo, nilikosea. Alijua kila kitu. Alinieleza hata mimi, niliyeacha hesabu shuleni bila kuagana nayo, nikaelewa. "Sikiliza," aliniambia. "Mwenye kiwanda cha sabuni anadai kila kipande kina gramu mia moja. Huwezi kupima vyote, kwa hiyo unachukua kumi. Ukikuta wastani umepungua kidogo, usikimbilie kumwita mwongo, maana unaweza kupungua kwa bahati tu. Unaangalia zile namba zenyewe. Kama zinayumba sana, hiki kizito, hiki chepesi, basi upungufu mdogo haukwambii kitu. Kama zimetulia, upungufu huohuo ni mkubwa. Hapo umemshika."

"Sasa kama unajua hivyo, unafeli nini?"

"Hicho ndicho ninachokuuliza wewe!" Akaanza kulia, kalamu mkononi.

Majibu yapo nyuma ya kitabu. Anafanya swali ukurasa mzima, anafika mwisho, anaandika: dai si kweli, mwenye kiwanda ni mwongo. Anafungua nyuma. Kitabu kinasema: ushahidi hautoshi. Swali la maziwa ya pakiti, mwongo. Kitabu, ushahidi hautoshi. Swali la betri, hivyohivyo. Na kinachotia wazimu zaidi, wastani wake mara nyingi ulikuwa uleule wa kitabu au umekaribia kabisa. Ni hukumu tu iliyokuwa inageuka. Alirudia kila swali mpaka karatasi ikatoboka kwa kifutio. Siku moja alirusha kalkuleta ukutani, ikaangukia nyuma ya kochi, na mteja niliyekuwa namsuka akauliza kwa upole kama dada anaumwa.

"Anasoma," nikamjibu.

Mwalimu wake je? Huyo usinitajie. Darasa limefurika mpaka dirishani, yeye anaangalia mstari wa mwisho tu, anapiga alama nyekundu, anapita. Dada alimfuata mara moja mlangoni amwonyeshe kazi yake. Akamwambia, "Fanya mazoezi zaidi, mama." Sasa mtu akifanya mazoezi zaidi ya jambo analokosea, si anazidi kuwa fundi wa kukosea?

Zikabaki siku chache mtihani ufike. Mchana mmoja mteja wangu alichelewa, nikawa nimekaa bure, na dada anaguna pale mezani mpaka nikachoka. Nikamwambia, "Lete kitabu nikusomee, wewe bonyeza tu. Ukiendelea kuguna hivi wateja watanikimbia."

Lilikuwa lile swali la sabuni. Nikasoma: tisini na sita, tisini na tisa, tisini na nane, mia moja na moja, tisini na saba, tisini na tisa, mia moja na saba, tisini na nane, mia moja, tisini. Akaziandika, akazipanga upya kutoka ndogo hadi kubwa, kisha akashika kalkuleta. Nikamwangalia kidole. Mimi nasuka, macho yangu yamezoea kuhesabu mafungu ya nywele bila kuambiwa.

"Dada, tisini hujaibonyeza."

"Hiyo si ya kubonyeza."

"Na mia moja na saba pia umeiruka."

"Nimeziosha," akasema, bila hata kuinua uso. "Endelea."

"Umeziosha vipi?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anavua viatu kabla ya kulala. Akanieleza haraka haraka. Kazini, ukishapima mikate kumi, unatoa mwepesi kuliko yote na mzito kuliko yote, unafanya hesabu ya minane iliyobaki. Mzee aliyemwajiri ndiye aliyewafundisha, na wapimaji wote wanafanya hivyo, ndiyo inaitwa kuosha trei. Ile miwili ya pembeni inachafua ripoti. Kila mtu anajua.

"Kitabu kimekwambia uoshe?"

Akavuta kitabu, akasoma swali kuanzia juu kwa kidole, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye tangazo. Hakuna mahali palipoandikwa toa mbili. Akabonyeza upya, zote kumi. Wastani ukatoka uleule kabisa, tisini na nane na nusu. Lakini zile namba sasa zilikuwa zinayumba, maana zile mbili ndizo zilizokuwa zimebeba kuyumba kwenyewe. Akafika mwisho akaandika polepole: ushahidi hautoshi. Akafungua nyuma ya kitabu.

Nilipiga kelele nikaruka. Dada hakuruka. Akafanya la maziwa, likakubali. Akafanya la betri, likakubali. Akashika tama.

"Mara mbili," akasema. "Nimefeli mara mbili kwa jambo ambalo sikujua hata kama nalifanya." Halafu akakipiga kile kitabu kofi, akampiga na mzee wa watu makofi ya maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mimi nikamsaidia kumtukana mwalimu. Namba kumi ametoa yeye mwenyewe, anarudishiwa hesabu ya nane, na macho anayo!

Mtihani akaufanya. Aliniambia kwamba kila swali mkono ulikuwa unataka kuruka namba ya kwanza, akawa anaushika kwa mkono mwingine. Matokeo yakatoka: amefaulu, tena vizuri. Shemeji alisahau utani siku hiyo. Alilisoma jina la mkewe kwenye karatasi, akaenda kusimama uani peke yake.

Dada akampelekea meneja cheti. Meneja akasimama kabisa kumpa mkono. "Jumatatu unakaa kwenye kiti. Malizia ripoti ya wiki hii tu, uiweke mezani kwangu."

Ijumaa hiyo alikuja kwangu na koti la kazi bado mwilini. Nikajua kuna neno. Nikamwacha mteja na kichwa nusu.

Alikuwa ameandika ripoti ya mikate yote kumi ya kila trei. Hakuosha hata moja. Humo ndani mna mkate wa gramu mia tatu sitini na moja, na wa mia nne na arobaini, trei hiyohiyo moja. Meneja alimwita, karatasi mkononi.

"Mashine imeharibika wiki hii?"

"Hapana. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Mbona ripoti zote za nyuma zimetulia?"

"Tulikuwa tunaziosha."

Meneja akairudisha karatasi juu ya meza, akaisukuma upande wake. "Basi na hii ioshe. Ukishaiosha uniletee, tuzungumze habari ya kiti."

"Si uioshe!" nilipiga kelele mpaka mteja akashtuka. "Dada, jamani! Wiki moja tu! Kaa kwenye kiti kwanza, ukishakaa ndiyo ubadilishe! Miguu yako hiyo! Miaka yote hiyo! Unamwachia mtu wa nje kwa ajili ya mikate miwili?"

"Ule wa mia tatu sitini na moja," akasema, "kuna mtu ameununua kwa bei ya mia nne. Leo. Na kesho atanunua mwingine. Nilikuwa nautoa kwenye karatasi, mwenzangu, lakini dukani alikuwa anaupata."

"Wewe ndiye uliyeoka?"

"Mimi ndiye ninayepima."

Tuligombana mpaka mteja akasema atarudi kesho. Nilimwambia ana kichwa kigumu, nikamwambia anawaonea wanawe, nikasema na mengine. Alitoa ile ripoti mfukoni, imekunjwa mara nne, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza yangu.

"Hebu nisomee," akasema, "nihakikishe sijakosea mahali, kabla sijairudisha kwake vilevile."

Nikamsomea. Nilikuwa na hasira naye, nasoma huku nalia, na yeye anabonyeza zote, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho. Hapakuwa na kosa hata moja. Jumatatu alimrudishia meneja ripoti ileile, na hadi leo ninapoandika haya hajaitwa ofisini.