Mkaguzi aliyeogopa kumuuliza mama yake

Saa moja asubuhi, wauguzi wakiwa bado wanapokezana zamu, mwanamke aliyevaa sweta la kijani anaketi mbele ya kompyuta ya wodi ya wanawake. Anaingia kwenye mfumo, anafungua faili la majaribio, kisha anabofya "Toka". Anapeleka kidole kwenye kishale cha kurudi nyuma, na hapo mkono unasita.

"Hapa ndipo roho yangu ilipo," anasema bila kugeuka.

Anabofya. Kompyuta inamtaka aandike upya jina na neno la siri. Anarudia kwa haraka, kama anayetaka kuifumania. Inamkatalia tena. Anashusha pumzi, lakini uso haukunjuki.

Wenzake humwita Fundi, kwa kuwa kazi yake ya kwanza hospitalini hapo ilikuwa kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Mwaka jana, akiwa mama wa watoto wawili, alianza kujifunza ukaguzi wa mifumo ya kompyuta: kujua nani anaingia wapi, anaona nini, na kama kumbukumbu za mashine zinasema kweli. Mchana anafanya kazi, jioni anasoma, na katikati ya hayo husinzia popote anapoegemea. Mtihani wake ni mwezi ujao.

Hospitali inatumia programu huria. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na hutunzwa na watu wa kujitolea ambao wengi wao hawajawahi kuonana.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema Fundi. "Ila ukimwona chawa, kuna adabu ya kumsema."

Chawa wake alimwona akifanya mazoezi. Muuguzi alipotoka kwenye mfumo, skrini ilionyesha amefunga, kumbe mlango ulibaki wazi kwa muda. Mtu mwingine akibofya kishale cha kurudi, alijikuta ndani, palepale mwenzake alipoishia. Chochote alichofungua kiliandikwa kwa jina la aliyetangulia.

Aliwaandikia watunzaji wa programu kwa siri, kama ilivyo desturi. Walimshukuru, wakamsihi asiseme mpaka marekebisho yawe tayari. Hospitali nyingi zinatumia programu hiyohiyo, na habari za tundu zikienea kabla halijazibwa, anayefaidi ni mwizi. Waliojua hospitalini ni yeye, mwalimu wake, ambaye ndiye mkaguzi wa hospitali, na mkuu wa kitengo cha kompyuta.

Siku chache baadaye mama yake aliitwa ofisini.

Mama ni muuguzi wa wodi hiyohiyo, amebakiza kidogo astaafu. Faili la jirani yao, ambaye hakuwa mgonjwa wa wodi yake, lilikuwa limefunguliwa kwa jina la mama, na maradhi ya jirani huyo yalikwishakuwa hadithi ya mtaa mzima. Mama akasimamishwa kazi akisubiri kikao cha nidhamu.

Jirani alikuja hadi mlangoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mama. "Na mimi nilikuwa nakuita dada." Tangu siku hiyo hawasalimiani.

"Nilikuwa na neno moja tu la kumtetea, nikalimeza," anasema Fundi. "Mama anatoka kuanika nguo, majirani wanaingia ndani. Na mimi najua kuna tundu. Najua! Siwezi kufumbua mdomo."

Mwalimu wake alimwondoa kwenye shauri hilo mara moja, maana mkaguzi hamkagui wa damu yake. Akaomba kikao kiahirishwe, bila kutaja sababu. Alikuwa na nia njema, lakini mtaani ikawa kutia chumvi kwenye kidonda. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Jana marekebisho yaliwekwa kwenye kompyuta zote, na wajumbe wa kikao wakaelezwa habari ya tundu. Kikao ni kesho. Mtu angetarajia vigelegele.

"Nimethibitisha mlango ulikuwa wazi," anasema Fundi, sauti ikipungua. "Nani aliingia, sijui. Huenda ni mtu mwingine. Huenda ni mama."

Katika mafunzo yake amehoji wauguzi, madaktari, hata mlinzi wa getini. Hajawahi kumuuliza mama yake. "Sheria ilinikataza kumkagua," anasema, "na mimi nikajificha nyuma ya sheria."

Mchana tunamkuta mama nyumbani akipiga pasi sare yake nyeupe.

"Karibu, mwandishi," anasema. "Huyu mwanangu anaikagua dunia nzima, ila mimi kaniruka kama dimbwi."

"Mama, bwana."

"Mama nini? Niulize. Mimi si yai, sitapasuka."

Fundi anakaa kitini, anatazama mikono yake. "Ulifungua faili la jirani?"

Mama anaisimamisha pasi. "Sikufungua. Ila nilitaka. Mwenzangu anakwisha mbele ya macho yangu, haniambii kitu! Nikatafuta jina lake, likatokea. Nikaogopa. Nikatoka kwenye mfumo, nikaenda kugawa dawa."

Fundi anaziba mdomo kwa kiganja. Aliyekuja nyuma na kubofya kishale alilikuta jina la jirani linamsubiri.

"Umemwambia nani hilo?"

"Nimwambie nani? Hata kulitafuta ni kosa. Wanaweza kunifukuza."

"Wanaweza. Lakini utalisema kesho, mama?"

"Na nisiposema?"

"Nitalisema mimi. Nimeshajua sasa." Machozi yanamtoka, hayafuti. "Sitakaa na wakaguzi, nitakaa na wewe. Natumaini watakuacha ustaafu kwa heshima. Ila natumaini zaidi utayasema yote."

Mama anaipitisha pasi kwenye kola aliyokwisha kuinyoosha, kisha anamgeukia mwandishi.

"Basi andika," anasema. "Likishatoka gazetini, sitaweza kughairi."