Sauti ya Mjomba

Sauti iliyotumwa kwenye simu yangu ilikuwa ya mjomba wetu wa Misima, na kikohozi chake humohumo. Ilisema mama yangu amefariki alfajiri, na kwamba anatumia namba ya jirani kwa kuwa simu yake imeharibika. Hakuna aliyepiga kuuliza. Kwetu ukihoji taarifa ya msiba kama ni ya kweli, umemtukana aliyeileta.

Tukafunga nyumba na duka la kaka yangu hapa Masuguru, tukakodi Noah kwenda Misima. Mwanangu wa miaka kumi na tano alisema ana mtihani, hawezi kuja. Nikamwonea huruma, mjinga mimi.

Kilio cha wanawake wa kwetu hakisubiri kufika mlangoni. Tuliposhuka tu barabarani tulianza, tukapita katikati ya mahindi tukilia. Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Alisikia sauti yangu, akajua mmoja wa wanawe amekufa na analetwa. Akatoka mbio. Alianguka kwenye ngazi ya jikoni akavunjika nyonga, na nilipomfikia aliniuliza ni nani aliyekufa.

Jioni tukapata habari kwamba duka limevunjwa. Vijana wawili walikamatwa Ngombezi wakiuza televisheni, na hawakuhitaji hata kofi moja kumtaja mwanangu. Kituoni alieleza bila kutetemeka, utadhani anaelekeza namna ya kuchemsha chai. Alikusanya rekodi za mawaidha marefu ya mjomba kutoka kundi la ukoo la WhatsApp, akaipa programu ya akili bandia kwenye simu, akaandika anachotaka kisemwe, nayo ikasema. Alitaka tuondoke tu, basi. Askari mmoja akaomba aonyeshwe inavyofanyika. Nilitamani kuwachapa wote wawili.

Kwa kuwa ni mtoto, amerudishwa kwangu mpaka mahakama ya watoto itakapomaliza. Mama naye nimemchukua, maana hawezi tena kujigeuza kitandani. Ndugu wanataka kijana apelekwe mbali asionekane. Nimekataa. Yeye ndiye anayemnyanyua bibi yake, ndiye anayemgeuza, ndiye anayemwaga beseni.

Mama tumemwambia ni matapeli wa Dar. Kila akigeuzwa anamwekea kijana mkono kichwani, anamwombea kwa Kizigua, anasema hajapata kuwa na mjukuu kama huyu. Mimi husimama mlangoni nikasikiliza, na sioni aibu kusema kwamba moyo wangu hutulia.

Jumapili iliyopita kijana alinifuata jikoni, macho yamemwiva.

"Mama, naomba nimwambie bibi. Siwezi tena."

"Akishajua atakufanya nini?"

Akafikiri kidogo. "Atanisamehe."

"Najua," nikamjibu. "Ndiyo maana humwambii."

Nikampa bakuli la uji ampelekee ungali wa moto.