Mbuzi Mwenye Uzi wa Manjano

Kazi yangu katika redio ilikuwa kukaa nyumbani. Sitanii. Redio yenyewe iko Kajiado mjini, chumba kimoja nyuma ya kanisa, na inaendeshwa na watu wa kujitolea ambao kila mmoja ana kazi nyingine ya kumpa ugali. Mimi niko Kitengela, nafuga kuku wa mayai, na kuku hawapendi mwenye kuzurura. Nikapewa kazi ya kusikiliza. Walio studioni hawawezi kujua kama matangazo yanafika kwenye intaneti. Wanasikia sauti zao wenyewe na kuridhika. Lazima mtu awe mbali, afungue simu yake, asikilize mtandaoni, na matangazo yakikatika apige simu kuwaambia. Mtu huyo alikuwa mimi. Majirani walipomuuliza mke wangu nafanya kazi gani, alijibu, "Anasikiliza." Halafu akaongeza, "Hapa nyumbani ndipo hasikii."

Kwenye ukurasa wa redio kuna nambari ndogo inayoonyesha wanaosikiliza mtandaoni. Siku nyingi ilisema saba. Mmoja ni mimi. Nilikaa nikijiuliza hao sita ni kina nani na wanataka nini. Ndivyo nilivyoumbwa. Muuza mboga akiniongezea nyanya moja ya bure, naigeuza nione imeozea wapi.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha mifugo iliyopotea. Mtu akiokota mbuzi au ndama, alinipigia simu. Mtangazaji wa asubuhi alisoma hewani rangi ya mnyama na mahali alipopatikana, lakini alama moja ilifichwa: mkato wa sikio, chapa, kovu. Mwenye mnyama akinipigia, lazima aitaje alama hiyo. Asipoitaja, hapewi. Siri hiyo tuliijua watu wawili tu, mimi na mtangazaji, wawili ili mmoja asiweze kudanganya peke yake. Nilimsomea kwa simu wakati wimbo unacheza, akaandika kwenye daftari lake, nami kwenye langu. Kila nikimpigia nilizima kwanza sauti ya redio upande wangu, kwa sababu matangazo ya mtandaoni huchelewa kama dakika moja, na kumsikia mtu mara mbili kunavuruga kichwa.

Mtangazaji alikuwa mwanamke wa Kimaasai, fundi wa cherehani anayeshona yunifomu za shule karibu na soko. Alifungua studio kabla ya kufungua duka. Hatukuwa tumewahi kuonana.

"Sopa, mzee wa mtandao," alikuwa akinisalimia kwa Kimaasai. "Umeamka ama uko kwa blanketi na redio?"

"Niko kazini."

"Kazini kwa blanketi."

Nilikasirika kila mara, hasa kwa sababu ni kweli nilikuwa kwa blanketi.

Mambo yaliharibika na mbuzi wawili waliookotwa upande wa Isinya. Mwanamume mmoja alinipigia, akataja siri yote, sikio la kulia lenye tundu, bila kusita. Nikamruhusu. Alienda huko na pikipiki akawabeba. Siku ya tatu akanipigia mzee mwingine, akataja sikio lile lile na tundu lile lile, na zaidi ya hapo akaniambia mmoja wa mbuzi hao huchechemea asubuhi na kupona ikifika saa nne. Yule aliyewaokota alithibitisha. Mwenyewe ndiye huyo wa pili, na mbuzi walikuwa wameshaenda.

Wiki mbili baadaye likatokea tena, na ndama.

Nilikaa na daftari langu nikapiga hesabu. Siri inajulikana na watu wawili. Mimi sikusema. Ukitoa mmoja kwa wawili anabaki mmoja. Hata mimi niliyetoka fomu foo na D ya hesabu hilo niliweza. Nikaanza kumsikiliza mtangazaji kwa sikio jingine. Akicheka, nilijiuliza anacheka na nani. Akisema "nawasalimia wote mlio barabarani", nilijiuliza ni wa barabarani gani hao, na kama wana pikipiki.

Nikatega mtego. Nilibuni mbuzi. Jike mweupe, nikasema, ameokotwa karibu na Kitengela, na siri yake ni uzi wa manjano shingoni. Mbuzi huyo hakuwa popote duniani isipokuwa kichwani mwangu. Nilimsomea mtangazaji asubuhi. Kabla ya saa sita mchana simu ikalia.

"Huyo mbuzi mweupe ni wangu," sauti ya mwanamume ilisema. "Ako na uzi ya manjano kwa shingo. Mtoto wangu ndio alimfunga."

Nilikata simu, si kwa huzuni. Kwa raha. Papo hapo nikampigia mwenyekiti wa redio, mwalimu mstaafu.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Mwalimu, huyo mbuzi nilimzaa mimi mwenyewe. Nilimwambia mtu mmoja."

Akasema Jumamosi kutakuwa na mkutano na mama huyo atarudisha ufunguo wa studio. Sijui mwalimu alimwambia nani. Najua tu kwamba kufikia Alhamisi mjini walikuwa wanajua. Mtangazaji alinipigia jioni hiyo, na hakuniita mzee wa mtandao.

"Kuna watu watatu wamekuja leo kuchukua vitambaa vyao," alisema. "Havijashonwa. Wamesema hawawezi kuachia mwizi wa mbuzi yunifomu za watoto. Niambie wewe, nilikukosea nini?"

"Utaeleza kwa mkutano," nilisema, kwa ile sauti ya ofisi ambayo watu wasio na ofisi huipenda.

"Sawa," alisema. "Lakini kesho nitafungua redio kama kawaida. Ufunguo bado niko nayo."

Ijumaa asubuhi na mapema nilimpigia mama yangu, ambaye anauza maharagwe na ndengu soko la Kajiado. Nilitaka kumwonya asipeleke kitambaa chochote kwa fundi yule. Kusema kweli nilitaka pia kusifiwa. Nilimweleza yote: siri, mtego, mbuzi. Hakusifu.

"Kwani leo ndio umenikumbuka?" alisema. "Mwaka huu wote unaongea kwa redio, hujaniambia hata siku moja."

"Mimi siongei kwa redio, mama. Mimi nasikiliza."

"Usinidanganye, kijana yangu. Mimi nilikuzaa, sauti yako sijui? Kila asubuhi wimbo ikicheza unasikika huko nyuma: sikio hivi, mkia vile. Nimeambia kanisa yote wewe ni mtangazaji. Lakini mwambie huyo mama aongeze sauti yako, iko chini sana. Wakati wa huyo wa uzi ya manjano ilibidi tuweke redio kwa sikio."

"Tuweke nani?"

"Sisi wote hapa sokoni. Na vijana wa pikipiki. Hao ndio wanapenda kipindi yako sana."

Nilikaa kitandani. Nilijiambia huyu ni mama yangu na masikio yake ni ya uzee. Nilijiambia amenunuliwa na fundi. Namshuku mama yangu mzazi, nikafikiri, na bado nikaendelea kumshuku mpaka nilipopata njia ya kujaribu. Nilichukua simu ya mke wangu, nikafungua redio mtandaoni, nikaiweka dirishani kwa sauti kubwa. Nikasubiri wimbo uanze, nikatoka hadi kwenye banda la kuku na kumpigia mtangazaji kwa simu yangu.

"Kuna kondoo," nilimwambia. "Andika. Mguu wa nyuma una kovu."

"Mtu wa kunifukuza bado ananipa kazi," alisema. Nikasikia kalamu.

Nilikata simu nikarudi mbio dirishani. Wimbo ulikuwa unaendelea. Nilisubiri. Kisha chini ya wimbo, kama mtu anayeongea ndani ya debe, nikajisikia: "Kuna kondoo. Andika."

Baadaye nilielezwa jambo ambalo kila aliyewahi kukanyaga studio ile alilijua. Maiki ina swichi mbovu. Ukiizima haiwaki tena mpaka uipige kofi, na pengine makofi matano. Kwa hivyo haizimwi kamwe. Wimbo ukicheza, watu hunong'ona kama wako ibadani, wakiamini muziki unawafunika. Na mtangazaji, akiwa na kalamu mkono mmoja na daftari mkono mwingine, aliweka simu yangu mezani kwa spika, mbele ya maiki, akaniamini kwamba ningemwambia kama kuna kitu kinasikika kisichotakiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Redio nzima ilikuwa na mtu mmoja wa kusikiliza, na huyo mmoja alikuwa amezima sauti ili aongee.

Jumamosi nilienda Kajiado. Mke wangu aliniuliza kama najua njia. Kwenye mkutano nilisimama nikasema yote, hata sehemu ya raha. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mzee wa mbuzi wawili alikuwepo. Nikamwahidi mbuzi jike wawili wa kweli, wenye miguu yote minne mizima. Mtangazaji alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Ufunguo ulikuwa mezani mbele yake. Aliuchukua akaurudisha mfukoni, bila kungoja mtu amwambie.

"Nimesikia," alisema. "Hapa mko watu wanane. Walionichukulia vitambaa hawako hapa. Twende."

"Twende wapi?"

"Kwao. Na mguu."

Mimi mtu wa blanketi nilitembea mji ule jua la saa saba, nikipanda na kushuka nyuma yake, nikibisha hodi milangoni na kusema mimi ndiye niliyesema, na nilisema uongo bila kujua. Wa kwanza alimwomba msamaha na kumpa kitambaa. Wa pili hakuwepo. Wa tatu, mama wa watoto wanne, alisikia maneno yangu mawili ya kwanza akapiga makofi.

"Ai! Si huyu ndiye yule wa mbuzi wa redio!"

Alicheka mpaka akashika mlango. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa uoga. Fundi hakucheka.

"Basi nimesikia, dada," mama yule alisema mwishowe. "Pole sana. Kitambaa nitaleta Jumatatu."

Fundi alisimama pale pale mlangoni, mkono ameunyoosha, kiganja juu, na mama yule akaacha kucheka, akaingia ndani kukitafuta.