Nimemnasa mtu mfupi aliyekuwa anaendesha Sienta yangu kila Ijumaa

Wakuu wa humu, wenye magari na sisi tunaojikongoja, nawasalimu.

Kabla hamjaanza kusema nawapikia chai: hili limenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Gungu, Kigoma. Sipendi kulileta, ila nimewekewa sharti. Mtaliona mbele.

Kwanza historia fupi. Ukoo wetu ni wa vigari vya familia.

Baba, dereva mstaafu wa malori, alikuwa na Spacio old model. Milango ya kawaida, ukikaa siti ya nyuma kabisa magoti yanagusa kidevu. Tulijazana humo hivyo hivyo, harusi na misiba.

Mimi nikaanza na Sienta old model, ile ya macho ya duara. Hapo ndipo tulipojua raha ya mlango wa kusukuma pembeni, na siti ya tatu inayojikunja na kujificha chini ya siti ya kati.

Sasa hivi nina new model, ile yenye michirizi usoni kama imetoka kulia. Inawashwa kwa kitufe. Ile mpya kabisa ya boksi boksi naiona mtandaoni tu na kumeza mate.

Mama alipofariki baba alihamia kwangu. Ile Spacio niliiuza, nikamwambia apumzike. Akasema sawa.

Turudi kwenye mada.

Kazi yangu inanipeleka Uvinza kila Alhamisi na gari la ofisi, narudi Ijumaa jioni. Sienta inabaki nyumbani, ufunguo wa akiba uko kabatini. Mke wangu, Mama Salha, hajui kuendesha.

Ijumaa moja narudi, naingia kwenye gari nitoke kidogo, magoti yakagonga dashibodi. Siti imevutwa mbele kabisa. Kioo cha ndani kimeinamishwa.

Machale yakanicheza.

Namuuliza mke wangu nani kaendesha gari. "Sijui, labda uliisogeza mwenyewe." Kajibu huku anachambua mchele, hata kuniangalia hakuniangalia.

Wiki iliyofuata niliandika kilomita kwenye kiganja kabla ya kuondoka. Kurudi, zimeongezeka. Ndani gari linanukia udi wa siku hiyo hiyo. Siti ya tatu imeinuliwa na ina makombo ya kashata. Nyuma ya tairi kuna jiwe kubwa kama ngumi mbili.

Jiwe la nini? Nikahisi ni alama ya wezi.

Nikapiga hesabu zangu za kipelelezi. Mtu mfupi. Ananukia. Ana muda mchana wa Ijumaa. Hapa mtaani kwetu aliyetimiza sifa zote alikuwa mmoja tu, fundi cherehani jirani, ambaye nguo za mke wangu zote anashona yeye!

Nikaacha kumsalimia. Suruali yangu ilikuwa kwake, nikaisusa.

Ndani nako nikalipuka. Maneno niliyomwambia mke wangu siyaandiki hapa, nayaonea aibu. Akaweka mwiko chini, akaniambia taratibu: "Baba Salha, siku ukimjua, utaniomba radhi mbele za watu. Sio chumbani."

Akahamia kulala na watoto. Tukawa tunaongea kupitia Salha. "Mwambie baba yako chakula tayari."

Baba yuko pale pale mezani. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, punguza ukali." Nikamjibu, "Mzee, hili halikuhusu." Akarudi kwenye ugali wake.

Mimi nilishaamua. Nikimnasa huyo mtu, mke anarudi kwao Mwandiga, na ndoa iishie hapo.

Alhamisi ikafika. Nikaaga naenda Uvinza, kumbe nimeomba ruhusa kazini, nikalala gesti ya Mwanga, hapa hapa mjini. Ijumaa kabla ya saa sita niko dukani mkabala na nyumba yangu, kofia usoni, bodaboda ananisubiri.

Geti likafunguliwa. Sienta ikatoka. Jua lilipiga kioo, nikaona kofia tu ikichungulia juu ya usukani.

Mfupi kweli!

Tukaifuata kuelekea Ujiji. Inakwenda mwendo wa kinyonga mpaka bodaboda akachoka. "Bro, huyu ndiye mwizi? Mbona anawasha indiketa hata njia ikiwa tupu?"

Ikasimama kwenye nyumba moja, akaingia mzee mwenye kanzu na mkongojo. Nyumba ya pili, mzee mwingine. Ya tatu, wawili. Nikasema Mungu wangu, gari langu limefanywa mchomoko, linapakia abiria!

Ikaenda kusimama karibu na msikiti. Mlango wa dereva ukafunguka, mtu akashuka na jiwe mkononi. Akainama kwa tabu, akaliweka nyuma ya tairi.

Wakuu, lile jiwe nimekua nikiliona nyuma ya tairi la lori.

Alikuwa baba.

Mtaniuliza kwa nini sikumfikiria. Kwa sababu nilikuwa natafuta mtu mfupi. Kichwani mwangu baba ni mrefu, yule aliyekuwa anainama kupita mlangoni kwetu. Pale msikitini kanzu yake ilikuwa inaburuza vumbi. Nilipomsogelea, ananifikia begani.

Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja, na sikuwahi kuona.

Akaniona. "Wewe, Uvinza imehamia Ujiji?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hawa wenzangu miguu imegoma, na Ijumaa haiwezi kuwapita. Tukitoka msikitini tunakunywa kahawa, nawarudisha. Mkeo usimguse. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme, nilijua utaninyang'anya ufunguo."

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Mke wangu alimeza matusi yangu yote ili baba yangu apate Ijumaa yake.

(Msije kunishambulia: leseni yake iko hai, na macho kapimwa wiki hii, yako vizuri.)

Jioni nikamkuta mke wangu jikoni. "Umemjua?" Nikasema nimemjua. "Haya, kawaambie watu." Yeye humu anasoma kila siku, ila hajajiunga.

Mama Salha, mbele za watu wote hawa, nisamehe. Nilikukosea sana.

Funzo nililopata: nilipima kilomita, nikapima siti, nikanusa mpaka makombo. Baba yangu mwenyewe sikumtazama.

Sasa naomba msaada wenu. Siti ya dereva nimeipandisha mpaka mwisho, bado mzee anajinyoosha kuona barabara. Fundi jirani nilishamwomba radhi, yuko tayari kunishonea mto, anauliza unene.

Wenye wazee wanaoendesha bado, leteni uzoefu. Vidole vinne vinatosha? Au nimwambie aweke zaidi kabisa, maana naona mzee bado anapungua?