Ndiyo Yangu Iliyotutoa Bungeni

Hii aibu acheni niiseme mwenyewe, maana wanafunzi wangu wameshaitangaza Mbita nzima na kila mtu anaongeza chumvi yake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili (shikeni hapo hapo, Kiswahili), na kidato cha tatu wangu walikuwa wameandika kifungu cha sheria, wakakitetea kwenye kikao cha maoni ya umma, bunge la kaunti likakiingiza kwenye mswada: boti ya kubeba wanafunzi isitoke ufukoni kabla kila mtoto hajavaa jaketi la kuelea. Aliyekianzisha ni Akinyi, msichana wa visiwani. Boti yao ilipinduka, yeye akaokolewa akiwa ameng'ang'ania jerikeni. Mdogo wake hakuokolewa.

Siku ya kura nikampigia simu karani wa bunge, nikamwomba waheshimiwa wazungumze Kiswahili ili watoto waelewe. Akakubali. Yawa, ningejua!

Basi tumeketi kule juu kwa wageni, mimi na sketi yangu ya kanisani, maikrofoni inakwaruza, mheshimiwa mmoja (mwenye boti zake mwenyewe, mnaelewa) ametoa hoja, na mimi namsikia Spika akisema, "Wanaokubali kifungu hiki kifuatwe waseme ndiyo!" Nikasimama, nikasahau kabisa kwamba mgeni haruhusiwi hata kukohoa, nikaachilia, "Ndiyoooo!" na darasa zima, kwa vile nimewazoesha kuitikia baada yangu, wakanguruma, "Ndiyoooo!"

Akinyi akanivuta sketi. "Madam, amesema kifutwe!"

"Si kifuatwe?"

"Kifutwe, madam! Kiondolewe!"

Wuololo! Waheshimiwa wanacheka mpaka wanapiga meza, sajenti wa bunge huyo anapanda ngazi, tukafukuzwa kama kuku walioingia jikoni. Nje Akinyi alilia, akanigeuzia mgongo, nami nikatamani ardhi inimeze mimi na shahada yangu.

Kumbe huko ndani Spika amekwama, hajui ndiyo ipi ni ya mjumbe na ipi ni ya mgeni, akaamuru wanaotaka kifungu kiondolewe wasimame wahesabiwe. Sasa, kuguna ndiyo ukiwa umeinamia simu ni rahisi, lakini usimame mbele ya kamera, uonekane umewanyima watoto jaketi? Alisimama mwenye boti, na rafiki yake mmoja ambaye baadaye alidai alikuwa ananyoosha mgongo.

Sajenti akatoka anacheka. "Kifungu kimebaki, na mswada umepita! Spika anasema watoto warudi ndani wapigiwe makofi. Mwalimu abaki hapo hapo nje."

Akinyi alinikumbatia nusura anibwage, kisha wakakimbilia ndani wote. Naapa, nikirudi kwenye bunge lolote nitajifunga mdomo kwa leso. Lakini siku hiyo nilipiga vigelegele peke yangu uani hadi askari wa geti akaja kuniuliza, "Kwani madam, umeshinda nini?"

Nikamwambia, "Watoto wetu watakuwa wanafika shule."