Jinsi Nilivyomuua Mume wa Inspekta

Mume wa inspekta nilimuua mimi. Katika tamthilia ile ya Waingereza watu huuawa kila wiki, tena katika vijiji vizuri vyenye maua madirishani, lakini huyu hakuguswa na muuaji yeyote. Nilimuua kwa neno moja, nikiwa nimekaa kwenye kochi letu hapa Joubert Park, Johannesburg, na mke wangu akanisadiki.

Mke wangu hajui Kiingereza. Tulipotoka Uvira, Kongo, alikuwa na Kiswahili na Kifaransa kidogo. Hapa akaongeza Kizulu cha sokoni, kikamtosha. Mimi nilisoma sekondari kwa Kifaransa, na Kiingereza nimekiokota getini, miaka niliyolinda ofisi za Randburg usiku. Miaka hiyo yote alikula chakula cha jioni bila mimi. Kwa hiyo nilipoacha kazi nikajipa kazi mpya: jioni tunawasha televisheni, wao wanasema, mimi namtafsiria.

Tatizo ni kwamba Waingereza wenyewe sikuwa nawaelewa. Kiingereza cha hapa kinatembea. Chao kinanong'ona huku kikitafuna. Vichekesho vyao ndivyo vibaya zaidi. Watu wasioonekana wanacheka, nami nacheka nao nisionekane mjinga, kisha mke wangu anauliza wamesema nini. Hapo nabuni. Nilimpa mara nyingi habari ya mbuzi aliyeingia kanisani, mpaka siku moja akasema Waingereza hawa wana mbuzi wengi, mbona hatuwaoni?

Tamthilia ya polisi aliipenda kwa dhati, kwa sababu ya yule inspekta, mwanamke wa makamo mwenye koti lililochakaa. Jioni moja inspekta alisimama jikoni kwake, akatazama saa, akatazama sahani mbili mezani, akasema mumewe ni "late". Neno hilo nalijua. Hapa Johannesburg, mtu akikuambia baba yake ni "late", unavua kofia na kumpa pole, maana baba ni marehemu. Nikashusha sauti, nikasema, "Mumewe amefariki, mama."

Tangu siku hiyo alimwita inspekta "mjane wangu". Mwanamume yeyote aliyemtabasamia inspekta, mke wangu alimchunguza kama mkwe. Msimu ulipokwisha aliomba kanisani wajane waombewe, na mimi peke yangu nilijua ni mjane gani.

Mwaka huu tamthilia ikarudi. Binti yetu, msusi aliyezaliwa hapa, alikuwa amekuja kututembelea. Inspekta akafungua mlango wa nyumba yake, na kumbe jikoni yuko mwanamume anakaanga mayai, mzima, amevaa soksi.

"Huyu si tulimzika?" mke wangu akauliza.

Nikasema labda ni shemeji. Inspekta akambusu mdomoni. Nikasema labda na kwao wajane hurithiwa. Binti akaacha simu yake, akauliza ni nani aliyekufa. Mama yake akamsimulia yote, hadi maombi, nami nikalitaja neno lenyewe. Binti alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasema kwa Kiswahili chake kinachochechemea: "Mama, 'late' yao si yetu. Yao ni ya kuchelewa. Yule baba alikuwa kwa foleni ya magari tu."

Nilitegemea mke wangu acheke pia. Alizima sauti, akanigeukia.

"Na kliniki?" akasema. "Nesi anaposema maneno mengi kuhusu presha yangu, nawe unaniambia 'punguza chumvi', hiyo ni yake au ni yako?"

Nilimjibu kwamba mara nyingine ilikuwa yake, mara nyingine yangu. Mlinzi wa geti huzoea kuitikia kwa kichwa, na kichwa kikishaitikia, mdomo lazima utafute la kusema. Akasema kliniki ijayo ataenda na binti. Binti akasema siku hiyo ana vichwa vya kusuka tangu asubuhi. Mke wangu akanitazama kama mshukiwa aliyebaki peke yake chumbani.

"Basi utakuja wewe. Ukielewa, sema. Usipoelewa, sema vilevile."

Jioni zilizofuata zilikuwa na ukimya mwingi. Sijaelewa, nilimwambia, hapo pia sijaelewa. Ajabu ni kwamba hakuondoka kochini. Alianza kukisia mwenyewe kwa nyuso na viatu vya watu, akamkamata muuaji kabla yangu na kabla ya inspekta.

Siku ya kliniki nesi alisema haraka, kama kawaida yake. Nikahisi shingo inataka kuitikia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, polepole, na watu wa kwenye benchi wakatusikiliza kana kwamba sisi ndio kichekesho cha siku. Mwishowe nikamgeukia mke wangu.

"Vidonge vyeupe ni baada ya kula. Si kabla."

"Mbona mimi nameza kabla?"

"Mimi ndiye niliyekuambia kabla."

Akanitazama, akamtazama nesi.

"Basi muulize na ya chumvi," akasema, akasogea kwenye benchi nipate kukaa.