Kanga Juu ya Kioo cha Kinyozi

Juzi binti yangu alipewa kazi ya shuleni: achore nyumba walimokulia wazee wake. Siku hizi tunakaa Kendwa, nafanya kazi hotelini, na nyumba ya Malindi, mtaa wa mjini nilikokulia, iliuzwa bibi yangu alipofariki. Nikamwambia njoo, tutaitembelea kwa simu. Nikafungua ile ramani ya mtandaoni yenye picha za mitaani, ambayo unabonyeza mshale na kusogea hatua kwa hatua kama unayetembea.

Tukaanzia upande wa bandarini. Jua kali, wapagazi wamekaa kivulini, nguo zimeanikwa juu ya kichochoro. Nikabonyeza mshale mara mbili, na ndugu yangu, sikutegemea nilichokiona. Mbingu ilikuwa nyeusi tii. Aliyepita na kamera siku hiyo alikutwa na masika njiani. Hatua iliyofuata, wingu limeshuka karibu ya mabati, na umeme umesimama kutoka juu hadi nyuma ya mapaa, mweupe, una matawi. Umeme ambao kwa macho huuwahi hata ukikodoa, pale umetulia unaweza kuyahesabu matawi yake. Nikasema Subhanallah kwa sauti ya bibi, bila ya kukusudia.

Maana kwetu masika yalikuwa ya bibi. Ngurumo ya kwanza tu, redio inazimwa, madirisha yanafungwa, na sisi watoto tunawekwa mkekani na chai ya tangawizi na mkate wa kumimina uliobaki tangu asubuhi. Kisha anazunguka nyumba nzima akifunika vioo kwa kanga, kwani kioo, kwa alivyoamini yeye na wenzake wote, kinaita radi. Tukicheka anasema, "Nyamazeni, radi inamsabihi, inamtukuza Mola wake." Tunanyamaza. Vikombe vinatetemeka kabatini, vumbi lililoloa linanukia dirishani. Niliogopa, lakini ilikuwa hofu tamu, nasema kweli.

Tatizo lilikuwa kinyozi. Jirani yetu huyu wa mkabala alinyolea watu barazani kwake, na kioo chake kikubwa kilitundikwa ukutani, nje. Habari za kufunika vioo hakuziamini hata kidogo. Basi kila wingu likijikusanya, bibi anavuka kichochoro na kanga ya ziada mkononi.

"Bi Mkubwa, hichi kioo tu, hakimwiti mtu."

"Shika ncha hiyo. Ukiungua wewe na sie tunaungua."

Na kinyozi anashika, huku mteja amekaa na kichwa kilichonyolewa nusu.

Kitu kimoja bibi alikikataa maisha yake yote: picha. Harusi, Idi, mjukuu akizaliwa, kamera ikitoka yeye yuko jikoni. "Nikenda zangu, nshakwenda," alikuwa akisema. "Sitaki kubakia ukutani." Hata ile ya kitambulisho sijui ilipotelea wapi. Binti yangu alizaliwa mwaka mmoja baada ya kifo chake. Amepewa jina lake, na uso wake hajapata kuujua. Hilo limeniuma miaka yote.

"Mama, nani huyu?"

Binti alikwishabonyeza mshale, akasogea hatua moja mbele. Tulikuwa mbele ya baraza ya kinyozi, matone makubwa yameishika kamera. Mwanamke mwenye buibui ametugeuzia mgongo, mikono juu, anakitandazia kioo kanga. Nusu ya kioo bado iko wazi. Mitambo ya ramani hufuta nyuso za watu. Ilikwishamfuta kinyozi, ikamfuta na mteja wake. Uso uliokuwa ndani ya kioo haikuuona. Alikuwa bibi yangu, na lile wingu jeusi nyuma yake, amekaza midomo vilevile alivyokuwa akiikaza akinisuka nywele. Nikalia, wala sikuona haya.

"Ana pua yangu," binti akasema. Kisha akauliza kama aihifadhi kwenye simu.

"Alikataa," nikamwambia.

"Alikataa ukutani, mama."

"Na simu ni ukuta, mwanangu."

Picha hizo ni za zamani, bibi yu hai; hata kinyozi hayupo tena. Barazani kwake pana duka la vinyago vya wageni, na madirisha ya nyumba yetu yamezibwa kwa viyoyozi. Ngurumo zikipiga, watoto wa Malindi siku hizi sijui wanawekwa wapi. Na mwenye kamera atapita tena siku moja, pengine jua linawaka, na picha hizi zitaondoshwa. Nalijua hilo, na naliogopa. Hata hivyo sijaihifadhi. Tukimtamani, mimi na binti yangu tunaanzia bandarini, kwenye jua, tunasogea hatua moja moja mpaka mvua itukute.